Mwenye Mali ni Nani? Halmashauri na Mameneja wa Kampuni za Umma

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wajumbe wa bodi, wakaguzi, na ninyi nyote mliofika, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya namna serikali za mitaa zinavyowasimamia mameneja wa kampuni zenye hisa za umma: kampuni za maji, za umeme, za mabasi, za taka, za nyumba. Mada hii ni pana, na ningeweza kuimaliza saa nzima nikiwasomea vifungu vya sheria. Badala yake nitaweka dai moja mezani na kulitetea.

Kampuni ya halmashauri inapoanguka, mara nyingi taarifa za hatari zilishafika halmashauri zamani. Zilikuwa ndani ya kabrasha la kikao, huko nyuma ambako watu wakifika wameshachoka. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa, kwa maandishi, kazi ya kuzisoma na kusema hapana. Baada ya hapo tunamsulubu meneja, na pengine anastahili. Lakini swali langu linabaki: meneja yule alikuwa akimjibu nani?

Tazameni yaliyotokea Nottingham, Uingereza. Mwaka 2015 halmashauri ya jiji hilo ilianzisha kampuni ya kuuza umeme na gesi, Robin Hood Energy. Nia ilikuwa njema: familia zenye kipato kidogo zipate nishati kwa bei nafuu, bila mwanahisa wa kugawana faida. Ila soko la nishati ni gumu. Linataka mtaji mkubwa, linataka watu wanaojua kununua nishati kabla bei haijapanda, na halimhurumii mtu kwa sababu ana nia njema. Kampuni ilianza kuyumba, halmashauri ikakopesha. Ikayumba tena, ikakopesha tena. Mwaka 2019 ilishindwa kulipa kwa wakati zaidi ya pauni milioni 9 iliyokuwa ikidaiwa chini ya mpango wa kuendeleza nishati jadidifu, na fedha za kuziba pengo hilo zikatoka kwa halmashauri ileile. Agosti 2020 wakaguzi wa nje walitoa ripoti kwa maslahi ya umma, na Septemba ikatangazwa kwamba wateja watahamishiwa kampuni nyingine. Hasara ya halmashauri ilikadiriwa kuwa pauni milioni 38.

Wakaguzi walitumia neno zito: upofu wa kitaasisi. Halmashauri ilitaka sana kampuni ifanikiwe, kiasi kwamba dalili mbaya zilipunguzwa uzito au zikapitwa. Kwenye bodi walikaa madiwani ambao hawakuwa na ujuzi wa kutosha wa biashara ya nishati. Mnaona tatizo lilipokuwa. Waliopaswa kumuuliza meneja maswali magumu ndio waliokuwa wamewaahidi wapiga kura kwamba kampuni hii ni jambo jema. Ukimuuliza meneja kwa ukali, unajiuliza mwenyewe.

Hapa ndipo penye mzizi. Halmashauri haina sura moja mbele ya kampuni yake. Ni mwenye hisa, anayetaka mali yake isipungue thamani. Ni mkopeshaji au mdhamini, anayetaka kulipwa. Ni mteja, maana majengo yake yanatumia maji na umeme huohuo, na mara nyingi ni mteja asiyelipa bili kwa wakati. Pengine ni mtoaji wa vibali na mpangaji wa bei. Juu ya yote ni chombo cha siasa chenye uchaguzi mbele yake. Meneja mjanja anajua amwendee nani akiwa na shida gani. Akibanwa na mweka hazina kuhusu deni, anamkimbilia meya na kumwambia nauli itapanda kabla ya uchaguzi. Akibanwa kuhusu huduma mbovu, anasema halmashauri haijalipa bili. Na yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Ndiyo maana miongozo juu ya kampuni za umma ya OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, iliyotolewa mwaka 2005 na kurekebishwa mwaka 2015 na 2024, inasisitiza kutenganisha kazi ya umiliki na kazi nyingine za serikali. Miongozo hiyo iliandikwa hasa kwa ajili ya serikali kuu, zenye wizara na wataalamu wengi. Halmashauri ndogo haina anasa hiyo. Lakini hata halmashauri ndogo inaweza kumpa ofisa mmoja jina na kazi: wewe ndiye msimamizi wa hisa zetu. Asiwe mwidhinishaji wa mikopo ya kampuni. Asiwe ofisa anayenunua huduma kutoka kwa kampuni. Kazi yake iwe kujua, wakati wowote, kampuni inadaiwa nini, inamdai nani, na imeahidi nini.

Nije sasa kwenye bodi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye ubishi.

Diwani akae kwenye bodi au asikae? Nchi zimejibu kwa namna zinazopingana kabisa. Afrika Kusini imesema asikae. Sheria yake ya mifumo ya manispaa inamzuia diwani wa manispaa yoyote kuwa mkurugenzi wa kampuni ya manispaa, na inamzuia pia ofisa wa manispaa mama, yaani ile inayoimiliki kampuni. Ujerumani imekwenda njia nyingine: kampuni zake za miji zinazosambaza umeme, maji na joto huwa na mabaraza ya usimamizi ambamo madiwani hukaa kwa kawaida, na meneja hujibu hapo. Uswidi nayo imelipa baraza la manispaa jukumu la kuteua wajumbe wote wa bodi ya kampuni inayoimiliki kikamilifu, na desturi yake ni kwamba wateuliwa wengi ni wanasiasa wa vyama vilivyomo ndani ya baraza.

Wanaomtaka diwani bodini wana hoja nzito. Yeye amechaguliwa, anajua kilio cha wananchi, na akikosea ataadhibiwa kwenye sanduku la kura. Mtaalamu aliyeletwa kutoka benki hana wa kumwadhibu. Wasiomtaka nao wana hoja, na kwangu mimi ndiyo inayoshinda katika kampuni nyingi. Sheria za kampuni karibu kila mahali humtaka mkurugenzi aitumikie kampuni. Siku kampuni inapotaka mkopo kutoka halmashauri, diwani huyo yuko pande zote mbili za meza. Akiwa bodini anajua kampuni imekauka. Akiwa kwenye kamati ya fedha anatakiwa aseme anachojua, lakini kama mkurugenzi amefungwa na siri za kampuni. Basi ananyamaza, na wenzake wanauchukua ukimya wake kama ishara kwamba mambo ni shwari.

Wajerumani wamelitambua hilo, na sheria yao ya kampuni za hisa, kifungu cha 394, inawaruhusu wawakilishi wa mamlaka za umma waliomo kwenye baraza la usimamizi kutoa taarifa kwa mamlaka iliyowaweka, isipokuwa kwa siri ambazo ufahamu wake hauhitajiki kwa taarifa hiyo. Ni mlango mwembamba, lakini upo. Mahali ambapo mlango huo haupo, kumweka diwani bodini ni kumziba mdomo huku ukimlipa posho.

Kama sheria yenu inawalazimisha kuwaweka madiwani, wawe wachache, wasiwe wengi ndani ya bodi, na yeyote aliyeko bodini asikae kwenye kamati inayokagua kampuni hiyo wala asipigie kura mikopo yake. Viti vinavyobaki vijazwe kwa kutangazwa, kwa ujuzi unaotajwa: mmoja ajue hesabu za kampuni, mmoja aijue tasnia yenyewe, mmoja ajue mikataba. Na hesabu iwekwe ya posho za vikao. Nasema hili kwa haraka kwa sababu kila mtu humu ndani analijua: bodi inayokutana kila wiki kwa kawaida haisimamii zaidi ya inayokutana kila robo mwaka.

Italia ina kanuni inayonifurahisha kila ninapoisoma. Amri ya kisheria namba 175 ya mwaka 2016, inayohusu kampuni zenye hisa za umma, inazitaka mamlaka zipitie hisa zao kila mwaka, na miongoni mwa kampuni zinazopaswa kuunganishwa, kuuzwa au kufungwa ni zile zisizo na mfanyakazi hata mmoja, au zenye wakurugenzi wengi kuliko wafanyakazi. Kanuni kama hiyo haitungwi mahali ambapo kampuni za aina hiyo hazijawahi kuwepo. Sheria hiyohiyo imeweka kuwa kawaida kampuni iongozwe na msimamizi mmoja, na anayetaka bodi kamili aandike sababu zake na kuzipeleka kwenye Mahakama ya Ukaguzi, chombo cha kukagua fedha za umma.

Sasa tumwangalie meneja mwenyewe.

Anateuliwa na nani, na nani anaweza kumwondoa? Miongozo ya OECD inapendekeza bodi iwe na mamlaka hayo, na sababu yake si ya kinadharia. Meneja anamtii anayeweza kumfukuza. Kama ni meya anayemfukuza, bodi inageuka mapambo. Mfano uliojulikana sana ni wa Medellín, Colombia. Jiji hilo linamiliki EPM, kampuni kubwa ya umeme, maji na gesi ambayo huliletea jiji sehemu kubwa ya mapato yake. Meya ndiye mwenyekiti wa bodi na ndiye anayemteua meneja mkuu. Mwaka 2007 jiji na kampuni walitia saini mkataba wa mahusiano, wenye lengo la kuweka mpaka kati ya mmiliki na uendeshaji. Agosti 2020 wajumbe 8 wa bodi walijiuzulu kwa pamoja, wakilalamika kwamba hawakushirikishwa katika maamuzi mazito, likiwemo la kuwadai fidia wakandarasi wa bwawa la Hidroituango, lililopatwa na janga mwaka 2018. Meya Daniel Quintero alisema anatetea mali ya jiji. Januari 2021 akamwondoa meneja mkuu ambaye yeye mwenyewe alimteua mwaka mmoja kabla.

Huenda meya alikuwa na haki ya kuwadai wakandarasi. Hilo si la kuamuliwa hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba mkataba wa mahusiano uliosifiwa kwa zaidi ya miaka 10 haukuwa na meno siku mwenye madaraka alipoamua kuupita. Mpaka kati ya siasa na uendeshaji hauna budi kuandikwa ndani ya kanuni za kampuni au sheria ndogo, mahali ambapo kuuvuka kunahitaji kura na kumbukumbu. Meya akitaka kumwagiza meneja jambo ambalo kibiashara ni hasara, kwa mfano kupeleka mabasi kwenye njia isiyo na abiria wa kutosha, aagize kwa maandishi, barua ipite kwenye bodi, na gharama yake iandikwe na kulipwa na halmashauri kama ruzuku. Maagizo ya simu ndiyo yanayoua kampuni hizi. Meneja anatekeleza, hasara inaonekana kwenye vitabu vyake, na mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kusema hasara ipi ni ya uzembe na ipi ilitokana na kutii.

New Zealand ina utaratibu ninaoupenda kwa sababu unaanza kabla ya mwaka kuanza. Sheria yake ya serikali za mitaa ya mwaka 2002 inazitaka kampuni zinazomilikiwa na halmashauri kuandaa kila mwaka tamko la dhamira: kampuni inakusudia kufanya nini, vipimo vyake ni vipi, mmiliki atapewa taarifa gani na lini. Bodi inaandika rasimu, halmashauri inatoa maoni, bodi inakamilisha, umma unaisoma. Baada ya nusu mwaka inakuja taarifa ya utekelezaji. Nguvu ya utaratibu huu ni kwamba mabishano yanafanyika mapema. Kama mnataka faida, semeni. Kama mnataka bei ndogo hata kwa hasara, semeni hasara ya kiasi gani. Afrika Kusini nayo inaitaka bodi ya kampuni ya manispaa ipeleke rasimu ya bajeti yake kwa manispaa mama siku 150 kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na manispaa mama ndiyo inayoweka ukomo wa mshahara wa mtendaji mkuu na mameneja wa juu.

Vipimo ni eneo la hatari, kwa sababu meneja hufanya kile kinachopimwa. Mpime meneja wa maji kwa idadi ya wateja waliounganishwa, naye ataunganisha mabomba mpaka mwisho wa mji, hata kama maji hayafiki huko. Mpime kwa faida ya mwaka, ataahirisha matengenezo, na bomba litapasuka wakati ameshahamia kazi nyingine. Kwa kampuni ya maji mimi ningeuliza mambo machache tu: katika maji yote yaliyozalishwa, kiasi gani hakikulipiwa; mteja wa kawaida anapata maji saa ngapi kwa siku; bili zilizotumwa zimekusanywa kwa kiwango gani; na gharama za uendeshaji zimefunikwa na mapato kwa kiasi gani. Maswali hayo yanabanana. Ukidanganya kwenye moja, jingine linakuumbua. Orodha ya viashiria 40 ni kichaka cha kujifichia, na ninyi mlioketi kwenye kamati mnajua kwamba kiashiria cha 23 hakijawahi kusomwa na mtu.

China inafaa kutajwa hapa, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo serikali za mitaa zinasimamia kampuni nyingi kiasi kile. Tangu mwaka 2003 kuna tume ya kusimamia mali za dola katika ngazi ya taifa, na tume za aina hiyo katika mikoa na miji, zinazobeba jukumu la mwenye hisa kwa niaba ya serikali. Katika miaka ya karibuni mameneja wengi wamewekwa kwenye mikataba ya muda maalumu yenye malengo, na asiyefikia anaweza kuondolewa au kupunguziwa malipo. Sheria yao ya mali za dola za makampuni, iliyoanza kutumika Mei 2009, inataka ukaguzi wa uwajibikaji wa kiuchumi kwa kipindi alichoongoza kiongozi wa kampuni. Na aliyeondolewa kwa kusababisha hasara kubwa ya mali ya umma kwa kuvunja sheria hiyo hazuiwi kwenye kampuni ile tu. Kwa miaka 5 hawezi kuwa mkurugenzi wala meneja wa kampuni yoyote ya dola. Hasara ikiwa kubwa mno, ni maisha yake yote.

Sisemi mfumo ule uigwe mzima. Kule chama kina neno kubwa katika uteuzi, na tume inayomiliki, kuteua na kupima kwa pamoja inarudisha lile tatizo la sura nyingi kwa mlango wa nyuma. Lakini ukaguzi wa kuondoka ni jambo ambalo halmashauri yoyote inaweza kuliweka kwenye mkataba wa meneja kesho. Meneja asipewe stahili zake za mwisho mpaka mkaguzi aeleze alikuta nini na anaacha nini: madeni, kesi, mikataba iliyosainiwa miezi ya mwisho, matengenezo yaliyoahirishwa. Meneja mwaminifu ataupenda ukaguzi huo, maana unamlinda dhidi ya lawama za atakayemfuata.

Sasa fedha, na hapa ndipo usimamizi wote unapojaribiwa.

Mchumi János Kornai wa Hungary aliupa jina ugonjwa huu: bajeti laini. Meneja anayejua kwamba akipungukiwa ataokolewa haendeshi kampuni kama mtu anayeweza kufilisika. Kornai alikuwa akiziangalia kampuni za nchi za kijamaa, lakini maneno yake yanaifaa halmashauri yoyote yenye kampuni na huruma. Huko Croydon, kusini mwa London, halmashauri ilianzisha kampuni ya kujenga nyumba, Brick by Brick, na kuikopesha karibu pauni milioni 200. Wakaguzi walipotoa ripoti yao Oktoba 2020, halmashauri haikuwa imepata gawio lolote, lakini mikopo ilikuwa ikiendelea kutoka. Mwezi uliofuata halmashauri yenyewe ilitoa tamko rasmi kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Kwa mkazi wa Croydon, kampuni ya kujenga nyumba ikawa sababu mojawapo ya kupunguziwa huduma ambazo hazihusiani kabisa na nyumba.

Sheria ya Italia niliyoitaja ina dawa ya moja kwa moja. Mamlaka za umma haziruhusiwi kuongeza mtaji, kutoa mkopo wala kudhamini kampuni yao iliyopata hasara miaka 3 mfululizo, isipokuwa kwa masharti maalumu. Ni kali, na wakati mwingine itaumiza kampuni iliyokuwa karibu kupona. Bado naiona bora kuliko ile hali ya kila mkopo kuitwa wa mwisho. Pasipo na sheria kama hiyo, halmashauri ijiwekee ukomo wake mapema: jumla ya mikopo na dhamana kwa kampuni hii haitapita kiasi hiki, na kuupita kunahitaji kikao cha wazi cha baraza zima, pamoja na maoni ya maandishi ya mweka hazina, ambayo hayaruhusiwi kuhaririwa na ofisi ya meya.

Japani ilijifunza kwa uchungu. Yubari, mji wa makaa ya mawe huko Hokkaido, ulikuwa na watu zaidi ya laki moja mwaka 1960. Kufikia mwaka 2006 walibaki takriban 13,000. Migodi ilipofungwa, mji uliingia kwenye utalii, viwanja vya burudani na hoteli, na hasara zikafichwa kwa kukopeshana kati ya mfuko mmoja na mwingine kila mwaka wa fedha ulipokaribia kufungwa. Mwaka 2007 mji uliwekwa chini ya mpango wa kurekebisha fedha, ukiwa na nakisi ya yeni bilioni 35 hivi. Mwaka huohuo nchi ilipitisha sheria mpya ya afya ya fedha za serikali za mitaa, yenye kipimo kinachojumuisha mzigo unaoweza kuiangukia halmashauri kutoka kwa kampuni na mashirika yake. Kabla ya hapo, deni la kampuni lilikuwa la kampuni, mpaka siku lilipogeuka kuwa la mji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kampuni za umma daftari lipo, tena lenye rangi na picha za meneja akikata utepe. Swali ni nani analisoma. Niwape wale mnaoketi kwenye kamati maeneo ya kuanzia. Msianze na faida. Anzeni na fedha taslimu: kampuni ina fedha za kulipa miezi mingapi ijayo? Kisha angalieni wadai wanaosubiri: wauzaji wanalipwa baada ya siku ngapi, na siku hizo zinaongezeka? Kampuni inayokufa huanza kuwachelewesha wauzaji muda mrefu kabla ya kuonyesha hasara. Tazameni tarehe. Hesabu zilizokaguliwa zikichelewa, hiyo ni taarifa tosha, na haihitaji mtaalamu kuielewa. Tazameni pia mikataba kati ya kampuni na watu wa karibu na bodi au menejimenti, na kampuni tanzu zilizozaliwa bila baraza kuulizwa. Uswidi inataka baraza lipewe nafasi ya kutoa maoni kabla ya kampuni kufanya uamuzi wa msingi; kuanzisha kampuni tanzu kwangu ni uamuzi wa msingi kila mara.

Na mtakapouliza mtaambiwa: hiyo ni siri ya biashara. Wakati mwingine ni kweli. Bei ya zabuni ambayo bado haijafungwa ni siri halali. Mshahara wa meneja si siri. Jimbo la North Rhine-Westphalia la Ujerumani lilipitisha sheria mwaka 2009 inayotaka malipo ya viongozi wa kampuni za umma yachapishwe mtu kwa mtu, na kampuni za huko bado zinapata mameneja. Uswidi imekwenda mbali zaidi: kampuni inayodhibitiwa kikamilifu na manispaa inabanwa na kanuni ya uwazi wa nyaraka za umma kama ofisi ya manispaa yenyewe. Hilo halikuizuia kashfa ya rushwa iliyoibuka Gothenburg mwaka 2010 na kuzigusa kampuni za jiji. Lakini lazima wananchi na waandishi wa habari wawe na karatasi za kushika, maana wao ndio wasomaji ambao hawapokei posho ya kikao.

Mtaniuliza, halmashauri yetu ni ndogo, ina kampuni 3 na mhasibu mmoja, tuanzie wapi? Anzeni na kampuni ambayo mmeikopesha au kuidhamini kwa kiasi kikubwa kuliko nyingine zote. Nyingine ziacheni kwa mwaka huu. Mwandikeni ofisa mmoja jina lake kwenye azimio la baraza kuwa msimamizi wa hisa hizo, mpeni haki ya kuona hesabu za kila mwezi na kuhudhuria kikao cha bodi bila kura. Kila robo mwaka alete ukurasa mmoja, usomwe kwa sauti kwenye kikao cha wazi, na mwisho wa ukurasa huo kuwe na sentensi anayoiandika yeye mwenyewe na kuitia saini: kwa maoni yangu, fedha za halmashauri zilizomo humu ziko salama, au haziko salama. Atakapoandika kwa mara ya kwanza kwamba haziko salama, mtajua kama mnataka kweli kusimamia, kwa kuangalia mtamfanyia nini ofisa huyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na wakaguzi.